Goti la Mtoto Likivimba Bila ya Kupoa: Picha ya Eksirei Inasema Nini?

Leo katika ukumbi wetu wa afya na usafi tutazungumzia jambo ambalo wengi tunalikuta majumbani lakini hatuijui sura yake. Nalo ni uvimbe wa mifupa na uvimbe wa nyama za mwili, na namna madaktari wanavyousoma katika picha za eksirei na vipimo vinavyofuata.

Tuchukulie mfano wa hali inayojulikana. Kijana wa miaka 14 hapa kwetu Bububu anacheza mpira jioni. Siku moja anarudi anachechemea, anasema goti linamuuma. Nyumbani wanasema kagongwa, anakandwa kwa maji ya moto na mafuta. Wiki mbili zinapita. Anaitwa fundi wa viungo, anasema mshipa umehama, anachua kwa nguvu siku tatu mfululizo. Mwezi wa pili uvimbe umekuwa mgumu juu kidogo ya goti na usiku mtoto halali. Anaumikwa, anachanjwa chale, anasomewa. Anapofikishwa hospitali, ni mwezi wa tano.

Ndugu msomaji, mara nyingi goti la namna hiyo huwa limeteguka kweli, au mchezo umezidi, na hupoa lenyewe. Lakini kuna watoto wachache ambao goti lao halikuteguka. Ndani ya mfupa mna saratani inayokua, na ile miezi mitano inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuuokoa mguu na kuukata, au kati ya ugonjwa uliobaki mguuni na ugonjwa uliokwishafika mapafuni. Picha moja ya eksirei ingeweza kuonesha alama mapema. Ndiyo maana tumeona kuna haja ya kueleza alama hizo, si kwa ajili ya kumfanya kila mzazi awe daktari, bali ajue kwa nini anaambiwa apige picha, na kwa nini asisubiri.

UVIMBE SI LAZIMA UWE SARATANI

Kwanza tuondoe hofu. Uvimbe mwingi wa mifupa na wa nyama si saratani. Uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, ule laini unaoteleza ukiubonyeza, ni wa kawaida sana. Katika mifupa ya watoto na vijana kuna kinundu cha mfupa chenye kofia ya gegedu, ambacho huota karibu na goti na kuelekea upande wa mbali na kiungo. Hicho ndicho uvimbe wa mfupa usio wa saratani unaoonekana zaidi kuliko wote. Aidha, watoto wengi wana doa dogo pembeni mwa mfupa wa paja au wa muundi ambalo hugunduliwa kwa bahati tu, pale mtoto anapopigwa picha kwa sababu nyengine. Doa hilo huondoka lenyewe anapokua, wala halihitaji kisu.

Saratani zinazoanzia ndani ya mfupa wenyewe ni chache. Iliyo mashuhuri kwa vijana ni ostiosakoma, ambayo hupenda umri wa balehe, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, na zaidi ya nusu yake hutokea karibu na goti. Nyengine ni sakoma ya Ewing, iliyopewa jina la daktari James Ewing wa Marekani aliyeieleza katika miaka ya 1920. Hii hupenda zaidi mifupa ya nyonga na sehemu ya katikati ya mifupa mirefu. Kwa watu wazima waliopindukia miaka 40, hali hugeuka. Uvimbe wa saratani ndani ya mfupa mara nyingi huwa umetoka kwengine, kama vile kwenye titi, tezi dume, pafu, figo au tezi ya shingo, au huwa ni saratani ya uboho.

Kwa hiyo, kabla daktari hajaitazama picha, huuliza mambo mawili: mgonjwa ana umri gani, na uvimbe uko sehemu gani ya mfupa gani. Alama moja ile ile kwa mtoto wa miaka 10 na kwa mzee wa miaka 65 inaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa.

EKSIREI INAONA VIPI?

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen mwezi wa Novemba mwaka 1895, na mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa ya vidole na pete. Tangu siku hizo kanuni haijabadilika. Mionzi hupita katika mwili, na kila kitu huizuia kwa kadiri yake. Mfupa una madini ya chokaa, huizuia sana, hivyo hutoka mweupe. Hewa ya mapafu haiizuii, hutoka nyeusi. Nyama hutoka kijivu, na mafuta kijivu kilichokoza zaidi.

Hapa pana jambo kubwa la kukumbuka. Mfupa unaoliwa na maradhi kwa ndani hauoneshi dalili kwenye eksirei mpaka upoteze kiasi kikubwa cha madini yake, kiasi cha asilimia 30 hadi 50 mahali hapo. Maana yake ni kwamba picha safi ya leo haithibitishi kuwa hakuna kitu. Ikiwa maumivu yanaendelea kwa wiki kadhaa, picha irejewe au kifanywe kipimo chengine. Hali kadhalika, maumivu ya goti la mtoto wakati mwengine hutoka kwenye nyonga, kwani mishipa ya fahamu inashirikiana. Msishangae, basi, mkiambiwa na nyonga nayo ipigwe picha.

ALAMA SITA ANAZOTAZAMA DAKTARI

1. Ukingo wa doa. Hii ndiyo alama ya mwanzo na pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Uvimbe unaokua polepole huupa mfupa nafasi ya kujihami, ukajenga ukuta mweupe kuuzunguka, mfano wa shamba lililozungushiwa ua, ukajua linaanzia wapi na linaishia wapi. Uvimbe unaokua kwa kasi haungoji ukuta. Mpaka wake haujulikani, na mfupa huonekana umetobolewa vitundu vitundu kama ubao ulioliwa na mchwa. Kadiri mpaka unavyopotea ndivyo daktari anavyozidi kuwa na wasiwasi.

2. Gamba la nje la mfupa. Uvimbe wa polepole hulisukuma gamba likatanuka na kuwa jembamba mfano wa ganda la yai, lakini halikatiki. Uvimbe mkali hulitoboa na kutoka nje.

3. Utando unaofunika mfupa. Mfupa una utando wa nje ambao, ukisumbuliwa, hujenga mfupa mpya. Usumbufu mdogo wa muda mrefu hujenga tabaka moja nene, na hilo si la kutisha sana. Usumbufu unaokuja kwa vishindo hujenga matabaka mengi kama maganda ya kitunguu, jambo linaloonekana katika sakoma ya Ewing, ingawa maambukizi ya mfupa nayo huweza kulifanya. Mfupa mpya ukisimama wima kwa nyuzi nyembamba mfano wa miale ya jua linapochomoza, hiyo ni alama inayojulikana sana ya ostiosakoma.

Iko na ile inayoitwa pembetatu ya Codman, kwa jina la daktari mpasuaji Ernest Amory Codman wa Boston, aliyeanzisha daftari la kuandikisha saratani za mifupa nchini Marekani. Uvimbe unapoubandua utando kwa haraka, katikati hapapati nafasi ya kujenga mfupa. Panapojengwa ni pale pembeni tu ambapo utando bado umeshika, ikabaki pembe ndogo nyeupe. Ni kama turubali la shughuli lililonyanyuliwa na upepo, likabaki limeshikwa na kigingi cha pembeni. Pembe hiyo si saratani yenyewe, bali ni athari ya kitu kinachosukuma kwa kasi kutoka chini yake, na maambukizi makali nayo huweza kuileta.

4. Kilichomo ndani ya uvimbe. Uvimbe unaotengeneza mfupa huwa na weupe uliotanda kama wingu. Uvimbe wa gegedu huwa na vijiduara na vipinde vyeupe, mfano wa bisi zilizomwagwa. Uvimbe wa nyuzinyuzi hutoa ukungu kama kioo cha msalani, kile kisichoonekana upande wa pili.

5. Nyama ya pembeni. Daktari hutazama kama kuna tuta la nyama nje ya mfupa, na kama ile mistari ya mafuta inayotenganisha misuli imesukumwa au imepotea.

6. Idadi. Doa moja lina maana yake, na madoa mengi katika mifupa mingi yana maana nyengine. Kwa mzee anayelalamika mgongo kwa miezi, daktari huzitazama pingili za uti wa mgongo moja baada ya moja. Katika picha ya mbele kila pingili ina vidoa viwili vinavyofanana na macho ya bundi. Likikosekana jicho moja, yaani bundi amefumba jicho, huenda kitu kimekula mfupa pale. Mzee huyo asiendelee kuchuliwa mgongo.

Sasa utaona, ndugu msomaji, kwamba hakuna alama hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Daktari huzikusanya, akazilinganisha na umri wa mgonjwa, mahali penyewe na maelezo ya wazazi.

MAMBO YANAYOJIFANANISHA NA SARATANI

Usaha wa mfupa. Maambukizi ya vijidudu ndani ya mfupa huweza kula mfupa, kuubandua utando na kuleta homa na uvimbe, hata picha ikafanana kabisa na sakoma ya Ewing. Na sakoma ya Ewing nayo huja na homa. Kwa hivyo homa peke yake haiamui kitu.

Kifua kikuu cha mifupa. Huku kwetu Afrika Mashariki hakisahauliki. Hupenda uti wa mgongo, nyonga na goti, na huenda taratibu sana.

Selimundu. Watoto wenye ugonjwa huu wa damu hupata vipande vya mfupa vilivyokosa damu, na pia hupata maambukizi ya mifupa kwa wepesi. Mzazi ambaye mtoto wake ana selimundu aseme mapema, maana neno hilo moja hubadilisha namna picha inavyosomwa.

Mfupa unaoota ndani ya msuli. Baada ya kugongwa kwa nguvu, damu iliyovilia ndani ya msuli inaweza kugeuka mfupa. Kuchua kwa nguvu mahali palipoumia huzidisha hatari hiyo, hasa kwenye paja na kiwiko. Uvimbe huu si saratani, lakini katika wiki za mwanzo hufanana nayo mno, hata nyama yake ikitazamwa kwa hadubini inaweza kumhadaa mtaalamu. Picha ndiyo inayosaidia hapa, kwani mfupa wa namna hii hukomaa kuanzia nje kuja ndani, na baada ya wiki kadhaa huonekana duara jeupe lenye katikati iliyofifia. Ostiosakoma kwa kawaida huwa kinyume chake, weupe uko katikati zaidi na pembezoni hapajakomaa. Ndiyo maana daktari huuliza: aligongwa lini? Alichuliwa? Mara ngapi? Basi, wazazi, msione haya kusema. Anayeficha kwamba mtoto alichuliwa anaificha nusu ya picha.

TAYA LA MTOTO: SOMO LILILOTOKA KWETU

Tukizungumzia uvimbe wa mifupa katika Afrika Mashariki, hatuwezi kuiacha habari ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akamwona mwengine mwenye hali ile ile. Alipofuatilia kumbukumbu aligundua kuwa watoto hao hao wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe tumboni pia, kwenye figo, ini na kwengineko. Mwaka 1958 aliandika kuhusu ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya maelfu ya maili kupita nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyengine. Walikuta ugonjwa uko zaidi kwenye nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, Epstein, Achong na Barr, waligundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo inafahamika kuwa kirusi hicho pamoja na malaria ya mara kwa mara ndiyo mambo yanayoufungulia mlango.

Ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Katika taya picha yake ina alama ambayo kila mzazi anaweza kuifahamu. Kila jino limekaa ndani ya tundu lake, na tundu hilo lina mstari mwembamba mweupe unaozunguka mzizi. Alama ya mwanzo kabisa ni kupotea kwa mstari huo. Kisha mfupa unaoshika meno huyeyuka, na katika picha meno huonekana yanaelea, kama kwamba hayakushikwa na kitu.

Nyumbani mzazi huona nini? Huona meno ya mtoto wa miaka mitano au saba yanalegea yote upande mmoja, fizi na shavu vikivimba, mara nyengine jicho likisukumwa mbele. Watu husema ni jino bovu, likang'olewa, kisha la pili. Ndugu zangu, mtoto akilegea meno kadhaa kwa mara moja asing'olewe kabla ya kupigwa picha. Uvimbe huu ni katika saratani zinazokua haraka kuliko zote, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Lakini, alhamdulillah, ni katika zile zinazoitika dawa vizuri, na Burkitt na wenzake waliliona hilo pale pale Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale vivimbe vikubwa viliponywea kwa dawa peke yake bila kisu. Watoto wengi wanaowahi hupona.

UVIMBE WA NYAMA

Uvimbe ulioko ndani ya misuli, mafuta au mishipa hauonekani vizuri kwenye eksirei ya kawaida. Pamoja na hayo eksirei haiachwi, kwani huonesha kama mfupa ulio jirani umeguswa, kama kuna mafuta, au kama kuna vijiwe vidogo vya duara ambavyo ni alama ya uvimbe wa mishipa ya damu.

Kipimo kinachofuata ni altrasaundi. Hakina mionzi, ni cha bei nafuu, nacho hutenganisha mfuko wa maji na uvimbe wa nyama ngumu. Mfuko wa maji nyuma ya goti ni jambo la kawaida na hautishi. Uvimbe mgumu unaopitiwa na damu nyingi ndio unaopelekwa mbele kwenye MRI, ambayo huonesha uvimbe umefika wapi, umegusa mshipa gani, na kama kuna kingine kilichojificha mbali ndani ya mfupa huo huo. Kipimo cha CT ni kizuri kwa mfupa wenyewe na kwa mapafu.

Kwa matumizi ya nyumbani kuna vigezo vinne vya uvimbe wa nyama usiofaa kusubiriwa: uliozidi ukubwa wa yai la kuku, unaoendelea kukua, ulioko ndani, chini ya misuli, usioteleza ukiusukuma, na ule uliokatwa ukarudi tena. Hata kimoja kati ya hivyo kinatosha kwenda kupimwa. Msiungoje uume, maana saratani nyingi za nyama haziumi mwanzoni.

PICHA NI SHAHIDI, SI KADHI

Wapo wanaodhani picha ikishapigwa basi hukumu imetoka. Sivyo. Picha ni shahidi mzuri, lakini hukumu haitolewi kwa shahidi mmoja. Anahitajika wa pili, naye ni kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa na kutazamwa kwa hadubini. Daktari wa upasuaji, daktari wa picha na mtaalamu wa hadubini wakikubaliana, hapo ndipo jina la ugonjwa linapothibiti. Wakitofautiana, hurudi kutazama upya kabla ya kumkata mtu.

Katika mitaa yetu kuna maneno kwamba saratani ikiguswa na chuma huenea, kwa hivyo watu hukimbia kipimo hicho. Maneno haya tuyapime kwa uadilifu. Kipimo kinachofanywa kwa mpango, kwa sindano au tundu dogo, mahali alipopachagua mpasuaji atakayefanya operesheni yenyewe, hakimdhuru mgonjwa, na bila ya hicho hakuna tiba ya uhakika. Kinachodhuru ni kukata bila mpango: uvimbe kutumbuliwa ukidhaniwa ni jipu, kuchanjwa kwa wembe, au kutolewa nusunusu kabla ya picha. Hapo chembe husambaa katika nyama zilizokuwa salama, na njia ya kisu hicho nayo italazimika kukatwa baadaye. Pengine mguu uliokuwa ukiokolewa haukoleki tena. Kwa hivyo utaratibu ni huu: picha kwanza, kisu baadaye.

MBONA MGUU UNAUMA, WANAPIGA PICHA KIFUA?

Swali hili huulizwa sana, na wengine hudhani wanazungushwa. Ostiosakoma ikisafiri, mahali pa mwanzo inapopendelea ni mapafu. Picha ya kifua hutafuta vidoa vya duara huko, na ndiyo inayoamua mpango wa tiba. Kabla ya dawa za saratani kutumika, katika enzi ya kukata mguu peke yake, waliopona ostiosakoma walikuwa chini ya mmoja katika watano. Hivi leo, pale ugonjwa unapokutwa haujasafiri na mgonjwa akamaliza dawa pamoja na operesheni, wanaopona ni kiasi cha sita hadi saba katika kumi, na wengi huokolewa mguu wao. Nambari hizo ni za wanaowahi na kukamilisha tiba.

Kwetu Unguja safari huanzia kituo cha afya cha karibu, kisha hospitali ya rufaa ya Mnazi Mmoja. Wanaohitaji tiba zaidi hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ile iliyo katika jengo la zamani la Wajerumani la mwaka 1897. Boti ni takriban saa mbili. Gharama na usumbufu upo, hatukatai, lakini jamaa na majirani wakishikana mapema mzigo huwa mwepesi kuliko wakisubiri hadi mgonjwa hawezi kusimama.

LA KUFANYA NYUMBANI

- Mtoto mwenye maumivu ya mfupa yanayozidi wiki mbili au tatu, hasa yanayomwamsha usiku, au uvimbe mgumu usiopungua, apigwe picha. Asichuliwe, asiumikwe wala asichanjwe kabla ya hapo.

- Mfupa uliovunjika kwa jambo dogo tu, kama kujikwaa, usifungwe vijiti na fundi kabla ya picha. Huenda ulikuwa umeliwa tayari.

- Picha zote zihifadhiwe, za filamu au za CD. Filamu isikunjwe, isiwekwe juani wala penye unyevunyevu, na iandikwe tarehe. Picha ya zamani ina thamani kubwa, kwani daktari akizilinganisha mbili za tarehe tofauti huijua kasi ya ugonjwa. Picha iliyopigwa kwa simu dhidi ya dirisha haitoshi kutolea uamuzi.

- Siku ya picha, mahali panapopigwa poshwe udongo na dawa za kupaka, na ziondolewe bangili, cheni na hirizi zenye bati. Vitu hivyo huweka kivuli kikafanana na ugonjwa. Kwa MRI chuma chochote ni hatari, kwa hivyo elezeni pia kama kuna chuma kilichowekwa mwilini.

- Mama mwenye mimba, au anayeshuku, aseme kabla ya kuingia chumba cha eksirei. Ama mionzi ya picha moja ya goti, ni midogo sana, haizidi ile tunayoipata siku moja kutoka ardhini na angani.

- Kuhusu stara, mna haki ya kuomba sehemu isiyohitajika ifunikwe, na mwanamke anaweza kuomba kufuatana na maharimu wake au mhudumu wa kike. Ombeni kwa upole, ila msiiache picha kwa sababu hiyo.

Ama dua na kisomo, hakuna anayevizuia, navyo haviongezi siku hata moja ya kuchelewa. Msomeeni mtoto njiani, ndani ya gari ya kwenda mjini. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kutafuta tiba, na kutafuta ni pamoja na kuuliza mwenye ujuzi. Goti lenyewe haliwezi kusema ni mpira au ni maradhi. Picha huanza kusema, iwapo atapatikana wa kuipeleka mapema.

Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.